Vodka Haina Harufu

Waya Risper ametuachia amri mbili, na hata sasa akiwa amelala mochari ya Homa Bay bado tunazitii. Ya kwanza, asizikwe Jumamosi. Ya pili, nguo yake ya mwisho isinunuliwe dukani. Ishonwe na Okal, fundi cherehani wa Migori, na mtu yeyote asithubutu kumsaidia kutia uzi kwenye sindano. Binamu zangu waliposikia hiyo ya pili walitazamana, wakasema ni mambo ya uzee, maana Okal mwenyewe sasa anatembea na mkongojo. Mimi nilicheka mpaka nikalia. Waya ni shangazi kwa Kijaluo, dada ya baba, na huyu wangu alikuwa mtu wa kukupa kazi ya kukutuliza hata wakati yeye ndiye aliyekufa. Nikachukua simu, nikampigia Okal, nikamwambia apande gari aje na vifaa vyake. Akaniuliza swali moja tu: "Alisema nitie uzi mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi alikuwa hajasahau."

Habari za wazazi wangu na za utoto wangu Kendu Bay naziruka, kwa kuwa si za ajabu na wenyewe wamelala. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka niliomaliza shule ya upili na kupelekwa Migori kumsaidia Waya dukani nikingoja Januari niingie chuo cha ualimu. Duka lenyewe lilikuwa la pombe. Ndiyo, pombe, na Waya alikuwa Msabato asiyegusa hata chai ya majani. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia leseni, rafu, na jokofu la soda lililonguruma mchana kutwa. Wazee wa kanisa walipomjia kumuuliza, aliwajibu, "Mungu alinipa mume, mume akanipa duka. Kama mna duka lingine la kunipa, nileteeni." Hawakuwa nalo. Wakanywa maji ya limau, wakaomba, wakaenda zao. Ijumaa jua likianza kushuka tulikuwa tunafunga mlango, na Jumamosi, siku ambayo mji mzima ulikuwa na kiu, sisi tulikuwa kanisani. Watu walimwona mjinga. Yeye alisema mtu anayejua utafunga lini anajua pia kwamba ukisema umefungua, umefungua.

Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa nyumba yetu. Kilikuwa na vitanda viwili, jiko la makaa, na dirisha lililotazama ukuta wa hardware ya Mzee Swaleh, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye jengo zima. Tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, na siku Waya alipokuwa na furaha, mboga ya osuga, yaani mnavu, iliyopikwa kwa maziwa na kumaliziwa kwa samli. Samli hiyo tuliifuata Ogwedhi, siku ya soko la ng'ombe, kwa mama mmoja wa Kimaasai aliyeipanga chini kwenye gunia, ikiwa ndani ya chupa za vodka. Huku kwetu hakuna aliyeshangaa. Chupa ya vodka ni nene, mdomo wake una nafasi, na kifuniko chake hakivuji. Ikishamaliza kazi ya baa inaanza kazi ya jikoni, na utakuta nyumba ya mchungaji ina chupa kumi za vodka kabatini, zote za samli na asali. Samli ya yule mama ilikuwa na harufu ya moshi, kwa sababu alihifadhi maziwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto. Waya alikuwa akifungua chupa, ananusa, anafumba macho, kisha anasema, "Hii hata Petro ataniuliza nimeitoa wapi." Mimi nilikuwa sipendi ile harufu. Ilikuwa inaganda kwenye nywele.

Chupa zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za vodka moja yenye picha ya dubu. Jina lake la kwenye karatasi silitaji, kwa sababu kosa nitakalolieleza halikuwa la kampuni ile, tena hakuna mtu Migori aliyeweza kulitamka. Kwa kuwa dubu hatukuwa tumemwona, wateja walimtazama yule mnyama, mabega yake na mdomo wake, wakakata kauli kwamba ni fisi. Ondiek, kwa Kijaluo. Basi vodka ile ikawa Ondiek. "Nipe Ondiek kubwa." "Ondiek ndogo ziko?" Hata mtu wa gari la kampuni, aliyekuja na tai shingoni kutufundisha jina kamili, alipoondoka alikuwa anaandika stakabadhi ya Ondiek.

Kazi yangu kaunta ilikuwa kuuza, lakini zaidi ilikuwa kujibu maswali. Sijui kwa nini vodka inawafanya watu waulize maswali. Bia hawaulizi. Labda ni kwa sababu inafanana na maji, na mtu akitoa pesa yake kununua kitu kinachofanana na maji anataka maelezo. Eti inatengenezwa na viazi? Inaharibika ikikaa? Tofauti yake na chang'aa ni nini? Ile ya bei na ile ya rahisi si ni kitu kimoja, jina tu? Nilikuwa sijui lolote, kwa hiyo nilikuwa nageuka kumtazama Waya, naye alikuwa anajibu bila kuinua macho kwenye kufuma kwake. Viazi, ngano, hata mahindi, Mungu hakukataza mmea. Haiharibiki, wewe ndiye unayeharibika. Na chang'aa ni ndugu yake wa baba mmoja, ila huyu alipelekwa shule. Mwulizaji mkuu alikuwa Okal, ambaye cherehani yake ilikaa kwenye veranda yetu. Wakati ule alikuwa kijana mwenye mke mpya, na swali lake la kila wiki lilikuwa kama mke wake anaweza kunusa. Waya alimwambia mbele ya watu, "Vodka haina harufu, Okal. Wewe ndiye unayo." Mimi nilicheka hadi nikaangusha kibilauri.

Okal alikuwa na cheo kingine. Kwa kuwa mwenye duka hanywi na msaidizi wake hanywi, alikuwa ulimi wetu. Kila mzigo mpya ulipofika, Waya alifungua chupa moja, akammiminia kidogo kwenye kibilauri, naye aliacha kushona, akaingia na kastabini yake kidoleni, akaionja kwa heshima zote, akatazama dari, akasema, "Hii ni yenyewe." Ilikuwa sherehe yetu ndogo. Chupa hiyo iliyobaki ilikuwa mshahara wake, na aliitunza mpaka mzigo mwingine.

Mzee Swaleh naye hakukanyaga dukani kwetu hata siku moja. Alikuwa Mwislamu aliyekulia pwani, amekaa Migori miaka mingi akiuza misumari na mabati, na kodi yake aliipokelea nje, kwenye mstari ambapo saruji yake na yetu zilikutana. Hapo hapo ndipo aliponifundisha Kiswahili. Nikisema "hii kitu," yeye alikuwa anasimama kabisa na kusubiri mpaka niseme "kitu hiki." Siku moja alimsikia mteja akiuliza kwa nini Ondiek ni ghali, na badala ya kwenda zake akaniita. "Mwanangu, sijui yaliyomo na sitaki kuyajua. Lakini biashara naijua. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona bidhaa ina miguu, inakufuata mlangoni, inakubembeleza, jiulize miguu hiyo kaipata wapi." Niliona ni methali tu, kama zile za mtihani. Nikaitikia, nikarudi ndani.

Mwaka huo ulipokaribia kuisha alikuja Okinyi. Alikuwa mtu wa Rodi Kopany, mwenye posho mill, kinu cha kusaga unga, na maneno mengi, na alikuwa akiandaa kumbukumbu ya baba yake. Kutakuwa na ohangla, alisema, ngoma yenyewe, si kaseti. Asiyejua mambo yetu ajue kwamba kwenye ohangla kuna pakruok. Mtu anasimamisha ngoma, anawatuza wapigaji, kisha anajitangaza: mimi ni nani, nimetoka wapi, nina nini ambacho wewe huna. Ni mashindano ya majina. Okinyi hakutaka kujitangaza akiwa amesimama karibu na meza ya mitungi ya busaa, pombe ya nafaka ya kienyeji. Alitaka makatoni ya Ondiek. "Mama, watu wetu hawaangalii kilicho kwa glasi," alimwambia Waya. "Wanaangalia meza. Wakiona huyo mnyama amesimama kwa meza, wanajua baba yangu alizaa." Akatoa nusu ya malipo pale pale. Lilikuwa agizo kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata. Jioni hiyo Waya alipika osuga, akaongeza samli, akaniambia, "Awino, chuo chako hicho." Karo yangu ilikuwa ndani ya faida ya makatoni yale, na wote wawili tulijua hakukuwa na mahali pengine itakapotoka.

Gari la kampuni likaja na habari mbaya, kwamba Ondiek imeadimika mpaka mwaka mpya. Waya alitafuta Kisii, akatafuta Homa Bay, hakupata za kutosha. Wiki hiyo hiyo nilikwenda Ogwedhi kufuata samli, nikamkuta yule mama amepanga chupa za soda na za jemu. Nikamuuliza za kawaida ziko wapi. Akakunja uso. "Kuna vijana wa gari wananunua chupa tupu zote," akasema. "Wanataka hii ya mnyama tu, na kifuniko chake. Nikiwaambia iko na samli ndani, wanasema mwaga, tutalipa. Hata hawaoshi hapa. Wanabeba hivyo." Nilimwonea huruma, nikanunua samli yangu ya chupa ya jemu, nikarudi Migori nikifikiria mambo ya chuo.

Ijumaa iliyofuata, jua likiwa tayari limeinama, pick-up ilisimama mbele ya duka. Akashuka kijana mchangamfu aliyejiita Sospeter, akasema amesikia tunatafuta Ondiek, naye anazo, orijino, mzigo ulikuwa unaenda Tanzania ukakwama, na bei ni ya kuhurumiana. Vifuniko vilikuwa vimefungwa vizuri, lebo safi, makatoni mazima. Waya alimshukuru Mungu kwa sauti. Tulipakua haraka, kwa sababu Sabato ilikuwa inaingia. Okal alikuja na kastabini yake kuonja, lakini Waya akamfukuza. "Saa hii? Unataka nimfungulie shetani mlango na Bwana yuko njiani? Njoo Jumapili." Okal akaona asiondoke mikono mitupu, akazua ubishi. Alikuwa ananiambia tangu Jumatatu kwamba vodka ikikaa kwenye barafu inaganda, na mimi, nikimrudia Waya, nilikuwa nabisha kwamba haigandi. "Basi weka moja," akasema. "Weka hapo juu kwa barafu. Jumapili tutaona nani ni nani." Nikachukua chupa kutoka kwenye katoni ya Sospeter, nikailaza kwenye kile chumba kidogo cha barafu juu ya jokofu, tukafunga.

Jumapili asubuhi Okal alikuwa mlangoni kabla yetu. Niliitoa chupa, ikaniuma vidole kwa baridi, nikaitikisa mbele ya macho yake. Ilicheza kama maji. "Umeshindwa," nikamwambia. Yeye akanyoosha kidole. "Na hii je? Si imeganda hii?" Ubavuni mwa chupa, upande uliokuwa juu ilipokuwa imelala, kulikuwa na mstari mweupe. Nikaupangusa, haukutoka. Ulikuwa ndani. Nikaishika chupa kwa viganja vyote viwili mpaka ikapata joto, na ule mstari ukalegea, ukawa matone madogo ya njano yakipanda polepole kuelekea shingoni. Okal alikuwa akicheka na kudai ushindi. Waya alisema kelele zitoshe, wateja wanakuja, amwonjeshe amalize. Akafungua kifuniko, akamimina kwenye kibilauri, akakiweka kaunta mbele ya Okal, naye akakishika. Hapo ndipo harufu ilipofika kwangu. Moshi. Ule moshi wa kibuyu, ninaoujua kwa kuuchukia, unaoganda kwenye nywele.

Sikungoja. Niliupiga mkono wa Okal, kibilauri kikaruka kikavunjikia kwenye mguu wa rafu, na yeye akasimama akinitazama kama nimepagawa. "Yawa! Nyar Kendu, nimekukosea nini?" Nyar Kendu, binti wa Kendu, ndivyo walivyoniita. Nikamsukumia Waya chupa, nikamwambia anuse. Alinusa. Nikaona macho yake yakijaribu kufumba yenyewe, kama yalivyozoea, kisha yakafunguka. Nikamwambia ya yule mama wa Ogwedhi, ya vijana wa gari, ya chupa zilizochukuliwa bila kuoshwa. Bwana Sospeter aliogopa kununua chupa za baa kwa kuwa wenye baa wangemjua, akaenda kuzichukua sokoni, akazisuuza kwa maji baridi. Na mtu yeyote aliyewahi kuosha sufuria huku kwetu anajua maji baridi hayaondoi samli.

Tulijaza beseni barafu, tukatumbukiza chupa nyingine. Baadhi zilionyesha weupe, nyingine hazikuonyesha kitu. Waya alikaa juu ya kreti, akafikiri, na nitamheshimu kwa kueleza alichosema kama alivyokisema, kwa sababu alikuwa mjane mwenye duka moja. "Awino, tutoe zenye mafuta. Zilizobaki ni safi. Samli haijawahi kuua mtu." Nikamwambia, "Waya, siogopi samli. Naogopa yule aliyeimwaga. Aliweka nini badala yake?" Akasema huenda ni spiriti nzuri tu. Nikamuuliza anaijua? Akaitazama lebo. Wakati ule tulikuwa tumeshasikia habari za watu waliokunywa pombe ya magendo wakaamka hawaoni, na kila mtu dukani mle alikuwa anafikiria hilo bila kulitaja. Okal alikuwa ameyafunika macho yake kwa kiganja, anayafungua, anayafunika tena.

Okinyi akafika na gari lake kuchukua mzigo, amevaa shati jipya. Tulimweleza. Alisikiliza nusu, kisha akaona makatoni nyuma yangu na picha ya mnyama wake. "Si hizo hapo? Mama, mzigo huu si wa kunywa peke yangu, nina wageni. Kesho kutwa watu wamejaa kwangu. Unataka nisimame mbele ya Rodi nzima na Fanta?" Akaanza kuelekea makatoni. Nikayakalia. Sikupanga, miguu ilikaa yenyewe. Nilikuwa msichana mwembamba mwenye sketi ya shule iliyopunguzwa, na Okinyi angeweza kuninyanyua kwa mkono mmoja, lakini nilikuwa nimekata shauri. "Toka hapo," alisema. Nikasema sitoki. "Wewe ni nani, hata ndevu za kuonja hii kitu huna! Mwambie mtoto wako atoke, Mama. Nililipa."

"Kila siku mnaniuliza," nikamwambia. "Mnaniuliza tofauti ya hii ghali na ile ya rahisi ni nini, kama si jina tu. Sikuwa najua. Sasa najua. Ile ya kampuni, ikikudhuru, kuna mlango wa kugonga. Hii hapa, ikimdhuru mgeni wako, utagonga mlango gani? Utakuja kugonga wetu. Watasema ni ya Risper. Na huyo baba yako, siku ya kumbukumbu yake watu wataikumbuka kama siku waliyopofuka."

Okinyi alimgeukia Waya, na mimi pia. Nakiri niliogopa uso wake kuliko wa Okinyi. Chuo changu kilikuwa chini ya makalio yangu, ndani ya makatoni yale, na yeye ndiye angeamua. Waya aliinuka kwenye kreti. Akaenda kwenye droo, akatoa pesa ya Okinyi, akamwekea kaunta. "Chukua, nyathi nyamin," akasema, yaani mtoto wa dada, ingawa hawakuwa ndugu. Alitumia jina hilo alipotaka kumnyamazisha mtu kwa upendo. "Mimi nimebaki na jina tu. Hilo siwezi kukuuzia." Okinyi aliondoka akitusi kwa lugha tatu. Kisha Waya akaniambia niinuke, maana kazi bado. Chupa hizo zikitupwa nzima, alisema, zitarudi. Lazima zivunjwe.

Tulikuwa hatuna nyundo. Nilitoka veranda kwenda kuomba, nikamkuta Mzee Swaleh tayari amesimama kwenye mstari wake wa saruji, amesikia yote. Alikuwa na nyundo mkononi. Akavua viatu, jambo lililonishangaza, akavuka mstari, akaingia dukani kwetu kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akaiweka kaunta. "Yaliyomo siyagusi," akasema. "Lakini nyundo ni yangu, na thawabu yake nataka niipate." Akatazama makatoni. "La kuvunda halina ubani, Mama Risper. Usijaribu kuyachagua." Akatoka. Tulimimina na kuvunja nyuma ya jengo, kwenye shimo la taka, mimi na Waya na Okal, mpaka mikono ikafa ganzi. Okal alikuwa akivunja na kuomboleza kila chupa kwa jina lake. Harufu ya moshi na spiriti ilitupanda kichwani. Nililia, na sitasema ni kwa ajili ya moshi. Nililia kwa sababu ya Januari.

Okinyi alifanya kumbukumbu yake kwa busaa na soda. Tulisikia kwamba alisimamisha ngoma na kujitangaza kuwa yeye ndiye mtu aliyenyimwa Ondiek na vitoto vya Migori, watu wakacheka, na jina la duka letu likatajwa kwa dharau. Tulimweleza chifu habari za Sospeter, akaandika, lakini pick-up ile haikuonekana tena. Mzigo wake uliobaki aliushusha kwenye senta nyingine, sitaitaja, ambako alikuwa ameukuta mlango uliokubali. Watu walikufa huko, na waliopona wengine waliongozwa na watoto mkono kwa mkono mpaka mwisho wa maisha yao. Habari ilipofika Migori, Okinyi alikuja dukani. Hakuingia kwa maneno mengi. Alivua kofia, akanunua soda, akainywa yote akiwa amesimama, kisha akasema, "Nilikuwa na wageni wengi siku ile," akaenda. Baadaye tulisikia kwamba kwenye kila ohangla alijitangaza vile vile, kwamba yeye ndiye mtu aliyenyimwa Ondiek, lakini sasa alikuwa anasema kwa majivuno, na hakuna aliyecheka.

Chuo sikwenda Januari ile. Wala iliyofuata. Nilikaa na Waya, nikawa naenda Ogwedhi kila soko, na kwa kuwa yule mama alikuwa amekosa chupa nikaanza kumtafutia mitungi ya glasi, mipya, na kumuuzia samli yake mjini. Nilibandika karatasi niliyoiandika kwa mkono: RISPER. Waya aliposoma alinigombeza kwamba ninamwanika. Nikamwambia ndiyo maana yenyewe, ili mtu akipata samli mbovu ajue mlango wa kugonga. Leo samli hiyo inauzwa kuanzia Migori mpaka Homa Bay, ina lebo ya kupigwa chapa na nambari yangu ya simu, na watu bado wanapiga kuuliza maswali. Inaganda? Inaharibika? Tofauti yake na ile ya rahisi ni nini? Ualimu sikuupata, lakini kila siku nafundisha somo hilo moja.

Okal alifika Homa Bay jana mchana. Wanawake walikuwa wanachambua mchele uani, hema limesimama nusu, na binamu yangu mmoja alikuwa ameshaandaa mtoto mwenye macho mazuri wa kumsaidia mzee kutia uzi. Nikamwambia amrudishe mtoto akacheze. Okal alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, penye mwanga, akatandaza kitambaa cheupe mapajani, akavaa kastabini. Ndevu zake zimekuwa nyeupe kama kitambaa chenyewe. Alikata uzi kwa meno, akalamba ncha, akainua sindano mbele ya jua. Macho yale yale aliyoyafunika kwa kiganja Jumapili ile yakalitafuta tundu. Uzi ulipita mara ya kwanza. Okal akaifunga ncha fundo, akainama, akaanza kumshonea Waya upindo.